Mikimoto: Mtoto wa muuza tambi aliyefuga chaza akavuna lulu

WATU wengi wa pwani wanamfahamu chaza kwa nyama yake tamu na kwa kombe lake linalokata miguu wakati wa maji kupwa. Ni ndugu wa kome, konokono, ngisi na pweza, jamii ya viumbe wenye mwili laini ambao wataalamu huwaita moluska. Kwa maelfu ya miaka binadamu alikuwa akiwaokota viumbe hawa. Aliyebahatika kupasua chaza mwenye lulu ndani alitajirika. Asiyebahatika alirudi nyumbani na kitoweo.

Mtu aliyeibadilisha hali hiyo kwa kiwango kikubwa kuliko mwingine yeyote ni Kokichi Mikimoto wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1858 na kufariki dunia mwaka 1954. Hakuwa msomi wala mtoto wa tajiri. Alikuwa mtoto wa muuza tambi, akauza mboga, akafuga chaza, na mwisho akawa na maduka katika miji mikubwa ya dunia.

Wiki hii tunayaangalia maisha yake kwa sababu ndani yake kuna somo kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo. Vilevile kuna onyo, kwani mafanikio yake yaliwaacha wengine bila kazi.

Tambi, mboga na meli ya Waingereza

Mikimoto alizaliwa mwaka 1858 katika mji mdogo wa bandari uitwao Toba, eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Mie. Baba yake, Otokichi, alikuwa na kibanda cha kuuza tambi za ngano. Kokichi alikuwa kifungua mimba, na kama ilivyo kwa watoto wengi wa familia za kipato kidogo, alianza kusaidia kazi mapema. Usiku alisaidia kwenye tambi na mchana alichuuza mboga.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu ujana wake. Meli ya Waingereza ilitia nanga bandarini Toba na wachuuzi wengi wakaiendea kwa mashua zao, lakini mabaharia waliwafukuza. Mikimoto alilala chali ndani ya mashua yake akaanza kuchezesha vitu kwa nyayo za miguu, mchezo aliokuwa amejifunza. Mabaharia wakafurahi, wakamruhusu apande, naye akauza mboga na mayai yake yote.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana huyu aligundua mapema kwamba katika biashara hata chema kinahitaji mtu wa kukitembeza. Mboga zake hazikuwa tofauti na za wenzake, bali alijua namna ya kumfanya mteja ageuze shingo.

Safari ya Tokyo

Mwaka 1878, akiwa na miaka 20, Mikimoto alisafiri kwenda Tokyo na Yokohama kuangalia soko. Aliporudi alikuwa amebadili mawazo. Aliona kwamba mchele na mboga vingempa riziki tu, lakini mazao ya bahari ya kwao yalikuwa yakitafutwa na wafanyabiashara wa kigeni, hasa Wachina. Akaanza kununua na kuuza majongoo bahari na mazao mengine ya bahari yaliyokaushwa. Huko Yokohama pia alikuwa ameona lulu ndogo ndogo zikiuzwa kwa bei ambayo haikulingana hata kidogo na ukubwa wake.

Mwaka 1881 alimuoa Ume, binti wa miaka 17 kutoka familia ya ukoo wa wapiganaji wa zamani. Mama huyu anastahili kukumbukwa, maana katika miaka migumu iliyofuata alibeba mzigo wa nyumba na kuisaidia kazi ya mumewe baharini, wakati majirani wakimwona mwanamume huyo amerukwa na akili.

Chaza wanakwisha

Shida iliyomwingiza Mikimoto katika ufugaji ni ile ile inayowakabili wavuvi wetu: uvunaji uliopita kiasi. Kwa kuwa bei ya lulu ilikuwa nzuri, kila mtu katika pwani ya Shima alizamia na kupasua chaza. Katika chaza mamia kadhaa ingepatikana lulu moja, pengine isipatikane kabisa. Chaza wadogo waliuawa kabla hawajazaa na hifadhi ikapungua mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1888 Mikimoto alianzisha shamba lake la kwanza la chaza katika Ghuba ya Ago. Lengo la mwanzo lilikuwa kuwalinda na kuwaongeza chaza wenyewe. Lakini chaza aliyefugwa bila lulu alikuwa hasara, kwani ulinzi na vibarua vilihitaji fedha.

Mwaka 1890, kwenye maonyesho ya taifa ya viwanda mjini Tokyo, alikutana na mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Dk. Kakichi Mitsukuri. Mtaalamu huyo alimweleza jinsi lulu inavyotokea. Wengi huamini kwamba ni chembe ya mchanga inayomkera chaza, lakini mara nyingi chanzo ni kimelea au jeraha. Chembechembe za ngozi laini inayojenga kombe huingia mwilini, hujikunja kuwa kifuko, na kifuko hicho huanza kumwaga tabaka juu ya tabaka za madini yale yale yanayong'aa ndani ya kombe. Maana yake ni kwamba ukimwekea chaza kitu kwa makusudi, kinadharia naye atakifunika.

Wazo hilo halikuwa geni. Wachina walikuwa wakiweka visanamu vidogo ndani ya kome wa maji baridi karne nyingi kabla, na visanamu hivyo vilitoka vimefunikwa kwa utando wa lulu. Mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, naye alifanikiwa kutengeneza lulu ndani ya kome wa mtoni katika karne ya 18 na akaiuza siri yake kwa mfanyabiashara, lakini haikuzaa biashara. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kuifanya iwe kazi ya kila siku yenye hesabu na soko.

Bahari yageuka nyekundu

Mikimoto alirudi nyumbani akaanza majaribio. Alimwekea chaza vipande vya kioo, udongo, kombe na vitu vingine. Wengi walivitema, wengine walikufa. Kila jaribio lilihitaji kusubiri miezi mingi kabla ya kujua matokeo. Mkulima wa mahindi akikosea anajua baada ya msimu mmoja, ila mfugaji wa chaza angeweza kupoteza miaka miwili kwa kosa moja.

Mwaka 1892 likaja pigo kubwa. Maji ya Ghuba ya Ago yaligeuka mekundu. Hali hii, ambayo Wajapani huiita akashio, husababishwa na viumbe vidogo vya majini ambavyo huzaliana kupita kiasi na kuyaharibu maji, mara nyingi kwa kuyamaliza hewa. Samaki wanaweza kukimbia, lakini chaza hana miguu. Shamba zima la ghuba hiyo likafa, na pamoja nalo kazi ya miaka minne na fedha alizokopa.

Kilichomwokoa ni kwamba hakuwa ameweka chaza wote mahali pamoja. Wachache aliokuwa amewaweka kwenye kisiwa kidogo karibu na Toba walinusurika.

Julai 11, 1893, Mikimoto na mkewe walikuwa wakiwakagua chaza hao mmoja mmoja. Ndani ya mmoja wao kulikuwa na lulu nusu, yaani iliyoshikamana na kombe, bapa upande mmoja na ya mviringo upande mwingine. Haikuwa lulu kamili ya kutungwa kwenye mkufu, lakini ilithibitisha kuwa jambo linawezekana. Kisiwa hicho leo ni kivutio cha watalii na kina makumbusho yenye jina lake.

Januari 1896 alipata hataza ya serikali ya kulinda njia yake ya kuzalisha lulu nusu. Mwaka huo huo Ume alifariki dunia akiwa na miaka 32, akiacha watoto watano. Hakuiona faida kubwa iliyokuja baadaye.

Nani hasa aligundua lulu ya mviringo?

Mwaka 1899 Mikimoto alifungua duka katika mtaa wa Ginza, Tokyo. Hapa ndipo alipotofautiana na wafugaji wengine. Badala ya kumwachia dalali lulu zake kwenye ufuo wa bahari, aliziuza mwenyewe zikiwa zimetengenezwa kuwa vito. Alikuwa na shamba, karakana na duka, na faida ya kila hatua ilibaki kwake.

Hata hivyo soko lilitaka lulu ya mviringo, na hiyo ilikuwa kazi nyingine. Mwaka 1905 maji mekundu yalirudi na kuua chaza wengi mno. Katika kuwapasua waliokufa alikuta lulu tano za mviringo, dalili kwamba alikuwa akikaribia. Mwaka 1908 alipata hataza nyingine.

Hapa historia inahitaji kusemwa kwa haki. Njia inayotumika hadi leo kwa lulu za mviringo hubeba majina ya Wajapani wengine wawili: Tatsuhei Mise, aliyekuwa seremala, na Tokichi Nishikawa, mtaalamu wa viumbe ambaye pia alikuwa mkwe wa Mikimoto. Wote wawili waliomba hataza mwaka 1907. Njia yao ni kukata kipande kidogo cha ngozi laini ya chaza mmoja na kukipandikiza pamoja na kiini cha mviringo ndani ya mwili wa chaza mwingine. Njia ya Mikimoto mwenyewe, ya kukifunga kiini chote kwa ngozi hiyo kama kifurushi, ilikuwa ngumu na ya gharama kubwa, na hatimaye aliiacha akaitumia ile ya wenzake.

Jina lililobaki kinywani mwa watu ni la Mikimoto. Sababu ni kwamba yeye ndiye aliyezizalisha kwa wingi, akazipanga kwa madaraja na kuzifikisha kwa mteja. Viini vyake vilichongwa kutokana na makombe mazito ya kome wa mito ya Marekani, baada ya kuona kwamba ndivyo vinavyokubaliana vyema na chaza. Wanawake wapiga mbizi wa pwani hiyo, waitwao ama, ndio waliozamia kukusanya chaza na kuwarudisha chini baada ya kupandikizwa. Mikono yao ilikuwa msingi wa shamba, ingawa majina yao hayakuandikwa juu ya duka.

Kesi ya Paris

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 lulu za Mikimoto zilifika London na Paris kwa bei ya chini kuliko lulu za asili. Wafanyabiashara wa vito walishtuka. Fedha nyingi zilikuwa zimelala kwenye lulu za asili, na kwa macho matupu hawakuweza kuzitofautisha na hizi mpya. Wakatangaza kwamba lulu za kufugwa ni bandia na ni utapeli.

Mikimoto hakunyamaza wala hakuziuza kwa kificho. Alizitangaza waziwazi kuwa ni lulu za kufugwa, akatafuta wataalamu wazichunguze, na suala hilo likapelekwa mahakamani Paris. Mwaka 1924 uamuzi ukawa upande wa lulu za kufugwa: chaza ndiye aliyezitengeneza, hivyo haziwezi kuitwa bandia.

Baada ya hapo aliendelea kuzitembeza. Mwaka 1927 alikwenda Marekani akakutana na mvumbuzi Thomas Edison, ambaye inasimuliwa kuwa alikiri kwamba lulu ni miongoni mwa vitu vilivyoishinda maabara yake. Katika maonyesho ya dunia ya New York ya mwaka 1939 alipeleka mfano wa Kengele ya Uhuru ya Marekani iliyopambwa kwa zaidi ya lulu 12,000.

Lulu zachomwa moto hadharani

Mafanikio yalileta tatizo jipya. Wafugaji waliongezeka, na kufikia mwaka 1935 Japani ilikuwa na mashamba ya lulu takriban 350 yaliyozalisha kiasi cha lulu milioni 10 kwa mwaka. Wengine, kwa haraka ya fedha, waliwatoa chaza majini kabla ya wakati. Lulu ya namna hiyo ina utando mwembamba. Inang'aa siku ya kwanza, lakini baada ya kuvaliwa kwa muda hubanduka na kiini huonekana. Mteja aliyedanganywa mara moja angezikataa lulu zote za Japani, nzuri na mbaya.

Mwaka 1932, mbele ya wafanyabiashara na waandishi wa habari katika mji wa Kobe, Mikimoto alimwaga rundo la lulu duni kwenye moto na kuziteketeza. Hasara ilikuwa ya kweli. Lakini habari zilisambaa duniani kwamba huyu ni mtu asiyekubali kuuza kilicho hafifu, na hilo lilikuwa tangazo ambalo fedha zisingeweza kulinunua.

Ghuba ya Uajemi yalipa gharama

Wakati Japani ikisherehekea, upande mwingine wa bahari watu walilia. Kwa karne nyingi lulu bora za asili zilitoka Ghuba ya Uajemi. Bahrain, Kuwait na Dubai ziliishi kwa lulu. Kila kiangazi mamia ya majahazi yalitoka, wapiga mbizi wakashuka na jiwe mguuni na kibano puani, kutwa nzima. Walilipwa kwa mkopo kutoka kwa nahodha, na wengi walizama katika madeni yasiyokwisha. Miongoni mwao walikuwamo watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Hivyo historia ya lulu za Ghuba inatuhusu pia sisi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 biashara hiyo ilianguka. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 uliwanyima matajiri fedha za kununua vito, na lulu za Mikimoto zikachukua wateja waliobaki. Majahazi yakaegeshwa ufuoni na kuoza. Familia zilizojua kazi moja tu zikabaki bila kazi. Bahrain ilipata mafuta mwaka 1932 na nchi nyingine zikafuata baadaye, lakini katikati kulikuwa na miaka ya njaa.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha ukubwa wa anguko hilo. Mwaka 1917 kampuni ya vito ya Cartier ilipata jumba lake la New York kwa kubadilishana na mkufu wa lulu za asili uliothaminiwa dola milioni moja. Mkufu huo ulipopigwa mnada mwaka 1957 uliuzwa kwa dola zaidi kidogo ya 150,000. Jumba lile bado ni mali yenye thamani kubwa.

Lulu za asili hazikuwa zimeharibika. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja alijifunza kufuga kile ambacho wengine walikuwa wakiokota. Wapiga mbizi wa Ghuba hawakuwa wavivu wala wajinga, ila hakuna aliyewaambia mapema kwamba soko lao linahama. Na wala gurudumu halikuishia Japani. Baadaye China ilianza kuzalisha lulu kwa wingi ndani ya kome wa maji baridi, ikawa mzalishaji mkubwa zaidi duniani kwa wingi, nao wafugaji wa Japani wakaonja machungu yale yale.

Siku za mwisho

Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliidhoofisha biashara ya vito Japani, lakini baada ya vita wanajeshi wa Marekani waliokuwa huko walinunua lulu za kuwapelekea wake na mama zao, na mashamba yakaamka tena. Mikimoto alifariki dunia Septemba 21, 1954 akiwa na umri wa miaka 96.

Kwetu sisi

Lulu nusu, ile ambayo Mikimoto na Ume waliiona mwaka 1893, imefika pia kwenye pwani yetu. Katika miaka ya 2000 watafiti wa sayansi za bahari na wanavijiji, wengi wao wanawake, walianza kuizalisha katika maeneo ya Fumba, Unguja, na pia Mafia. Nusu duara ndogo hubandikwa kwa gundi ndani ya kombe la chaza hai, naye hurudishwa baharini. Baada ya miezi tisa, mwaka au zaidi, utando huwa mnene wa kutosha. Kombe hukatwa, husuguliwa na kutengenezwa hereni au kidani. Katika vijiji vya Fumba yalitengwa pia maeneo yasiyovunwa ili chaza wazaane, jambo linalofanana na nia ya kwanza ya Mikimoto.

Anayefikiria kuingia katika kazi hii, au ufugaji mwingine wowote, anaweza kuchukua mambo manne kutoka kwenye maisha haya.

Kwanza, asiweke mifugo yote mahali pamoja. Kisiwa kidogo cha Toba ndicho kilichomwokoa Mikimoto bahari ilipogeuka nyekundu.

Pili, awe na chanzo kingine cha kipato wakati akisubiri. Lulu haina haraka, na aliyekopa kwa marejesho ya kila mwezi atalazimika kumpasua chaza kabla ya wakati.

Tatu, apange mazao kwa madaraja na akubali kuyaacha yaliyo duni. Kikundi kinachochanganya kibovu na kizuri ili kujaza kapu hupoteza mnunuzi wa mwaka unaofuata. Hili linahusu pia mwani, karafuu na vanila.

Nne, afuatilie kinachofanyika kwingine. Anayetegemea kuokota kitu porini, kiwe chaza, jongoo bahari au kaa, aulize kama kuna mahali watu wameanza kukifuga. Kama wameanza, bei ya leo isimdanganye. Ni vyema kikundi kionane na ofisi ya uvuvi ya wilaya mapema, wakati chaza wa kuanzia bado wapo baharini.